Kidani cha Dola Thelathini

 

Nyumbani kwa mama yangu, Unguja, kuna boksi la makhmeli nyekundu, kubwa kidogo kuliko kiganja cha mtu mzima. Ukilifungua ndani hamna kitu. Lakini ukilielekeza kwenye taa utaona makhmeli imelala kwa duara, na chini ya duara pana alama ya kishada. Hapo ndipo kilipokuwa kidani cha bibi, mzaa mama. Kililala humo miaka na miaka mpaka kikaacha umbo lake. Siku boksi lilipotufikia kutoka Muscat umbo lilikuwemo, kidani hakikuwemo.

Nitawaeleza ilivyokuwa, kwa sababu yaliyotupata sisi huenda mwenzangu mmoja anajiandaa nayo wiki hii bila kujua.

Kidani kilikuwa kwa mama mdogo, anayeishi Muscat tangu ujana wake. Pete moja ya mkufu ililegea, akakipeleka kwa sonara katika soko la Mutrah kikatengenezwa. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa, na kwetu bibi harusi huvaa kidani kile. Mama alikivaa, mama mdogo akakivaa, mimi nikakivaa. Kwa kawaida tungesubiri mtu anayesafiri aje nacho shingoni. Wiki ile hakukuwa na msafiri. Basi mama mdogo akaenda kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi.

Pale kaunta akapewa fomu. Kuna sehemu inauliza kilichomo, na sehemu inauliza thamani yake. Akanipigia simu: "Mwanangu, niandike nini?" Nikamjibu hivi hivi, nayakumbuka maneno yangu: "Andika zawadi, nguo, dola 30. Ukiandika dhahabu forodha watatusumbua, na wezi watajua." Akaandika hivyo.

Kijana wa pikipiki akaleta kifurushi saa saba mchana. Ndugu yangu akatia saini barazani, akakiweka juu ya kabati. Kwa macho kilikuwa kizima. Jioni tulipokifungua juu ya mkeka, kanga mbili zilikuwemo, pamba ilikuwemo, boksi jekundu lilikuwemo. Ndipo tukageuza katoni, tukaona upande wa chini utepe wa gundi mpana kidogo kuliko wa juu, umebandikwa juu ya mwingine. Lebo ilikuwa imeandikwa gramu 420. Kesho yake nikaubeba mzigo wote, katoni, pamba, kanga na boksi, mpaka kwa sonara mmoja Darajani, akauweka kwenye mizani. Gramu 357. Zilizopungua ni gramu 63. Na risiti ya kidani tuliyonayo inasema karati 22, gramu 62.4.

Tulilalamika. Baada ya wiki tano likaja jibu la adabu, mistari michache: mtumaji ametamka nguo zenye thamani ya dola 30, na kampuni iko tayari kulipa dola 30. Mama aliisoma barua, akaikunja, akasema fedha hiyo haipokei. Mdogo wangu akaolewa na kidani cha kuazima kwa jirani, Mungu amlipe kheri.

Nilikuwa na hasira mwaka mzima, na aliyeiba alistahiki hasira ile. Lakini nikaanza kusoma mikataba, nikauliza watu wa bima, nikauliza masonara wanaotuma mali nje kila mwezi. Nikagundua kwamba kidani chetu kilikuwa kimepoteza kinga yake pale kaunta, kabla hakijaibwa.

Nianze na mkataba wa ndege, maana wengi wetu hatujapata kuusikia. Mzigo unaoruka kutoka nchi hadi nchi husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tanzania imo, Kenya imo, Oman imo. Mkataba huo unasema mzigo ukipotea au ukiharibika, msafirishaji anawajibika kwa kiwango fulani kwa kila kilo. Tangu mwisho wa Desemba 2024 kiwango ni SDR 26 kwa kilo. SDR ni fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Moja huwa kama dola moja na senti thelathini na kitu, wakati mwingine arubaini na kitu.

Sasa chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Kifurushi chetu kilikuwa gramu 420. Zidisha kwa 26, unapata SDR 10.92. Hizo ni kama dola 15. Dhahabu yenyewe je? Mwaka 2025 aunsi moja, ambayo ni gramu 31.1, ilivuka dola 4,000. Kidani cha karati 22 chenye gramu 62.4 kina dhahabu safi ya gramu 57 hivi. Kwa bei hiyo ni zaidi ya dola 7,300, bila kuhesabu kazi ya mkono ya fundi, wala shingo za bibi zetu kilizopita. Dola 7,300 kwa dola 15. Kumbe zile dola 30 zilizotuuma, kwa kiwango hiki cha leo, ni mara mbili ya hizo.

Mkataba uliandikwa kwa ajili ya magunia, mashine, nguo, maua, samaki; mali ambayo uzito wake unakwenda na bei yake walau kidogo. Mbele yake kilo ya dhahabu na kilo ya mchele ni kilo. Na kuna jambo lililonishtua zaidi: kwa mzigo, kikomo hicho hakivunjiki hata ukithibitisha kwamba mfanyakazi wa msafirishaji ndiye aliyeiba. Abiria na mizigo yao wamewekewa mlango wa kupita kikomo pale panapokuwa na kusudi la kudhuru. Mzigo unaotumwa haukuwekewa mlango huo. Umewekewa mwingine, mmoja tu: mtumaji, wakati anakabidhi mzigo, atamke thamani yake maalumu na alipe ada ya ziada ikihitajika. Mlango wenyewe ndio ile sehemu ya fomu ambayo mimi nilimwambia mama mdogo aandike dola 30.

Posta za serikali zina mkataba wao mbali. Umoja wa Posta Ulimwenguni ulianzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, na kanuni zake ni za wazi katika jambo hili: dhahabu, fedha, vito na sarafu havitakiwi kutiwa katika barua au kifurushi cha kawaida, vinatakiwa vitumwe kwa njia ya thamani iliyotamkwa na kukatiwa bima, pale ambapo posta za nchi zote mbili zina huduma hiyo. Barua ya rejista peke yake haitoshi. Ikipotea, fidia yake katika kanuni hizo ni SDR 30 tu. Wazee wetu waliamini rejista kama amana, na walikuwa na haki, kwani kila mkono uliipokea kwa saini. Rejista inalinda njia. Ikipotea, thamani haikurudii.

Hapa nataka niwape kisa kimoja ninachokipenda. Mwaka 1958 sonara mkubwa wa New York, Harry Winston, aliamua kuipa makumbusho ya Smithsonian, kule Washington, almasi ya buluu maarufu iitwayo Hope, karati 45.52. Mtu angetarajia magari ya chuma na askari. Winston akaifunga kwa karatasi ya kaki, akaipeleka posta, akaituma kwa rejista tarehe 8 Novemba. Siku mbili baadaye mpeleka barua, bwana James Todd, akaikabidhi mkononi. Karatasi ile imehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya posta ya Smithsonian, pamoja na alama za malipo yake. Jumla alilipa dola 145.29. Gharama ya kusafirisha ilikuwa dola 2.44. Zilizobaki, dola 142.85, zilikuwa malipo ya kinga ya dola milioni moja.

Zitazameni vizuri hesabu hizo. Kwa kila senti ya kusafirisha alilipa senti 58 za kinga. Nje kaki tupu, isiyomwambia mpita njia chochote. Ndani ya vitabu vya posta, ukweli wote: nini kimo, kina thamani gani, nani kakipokea. Miaka hamsini na tatu kabla yake, mwaka 1905, almasi ya Cullinan, karati zaidi ya 3,100, ilichimbwa Afrika Kusini, na yasemwayo siku zote ni kwamba makachero walipandishwa meli kulinda boksi la uongo huku jiwe lenyewe likienda London kwa posta ya rejista.

Sisi tulifanya kinyume chake. Mtaani ilijulikana kwamba kidani kinakuja. Mama mdogo aliwaambia, mama aliwaambia, mimi niliwaambia waliokuja kupiga vigelegele. Hata katoni lilikuwa limetiwa katika mfuko wenye jina la duka la sonara. Tukaiweka siri kwenye karatasi peke yake, mahali pasipohitaji siri. Mwizi alijua thamani ya kidani chetu. Aliyetakiwa kutulipa ndiye hakuambiwa.

Nataka pia tulifungue fundo moja linalowatatiza wengi. Thamani uliyoitamka kwa msafirishaji si bima. Maneno yanafanana, ada zinafanana, lakini ni vitu viwili. Ukitamka thamani unakipandisha tu kikomo cha dhima ya msafirishaji, na bado huenda ukatakiwa kuonyesha kwamba hasara ilitokea mikononi mwake. Kampuni kubwa za kimataifa zinaandika jambo hili waziwazi katika masharti yao, tena kwa vito hupunguza zaidi: FedEx kule Marekani imekuwa na kikomo cha dola 1,000 kwa vito, hata ukitamka laki. Kampuni nyingine hazipokei dhahabu kabisa, na ukiitia kimyakimya umevunja mkataba mwenyewe. Posta ya Marekani ni tofauti. Rejista yao inakatiwa bima mpaka dola 50,000, na ndiyo maana masonara wa kule wanaitegemea mpaka leo, ijapokuwa ni ya polepole.

Bima yenyewe ni mkataba kati yako na kampuni ya bima, na msafirishaji hayumo. Kwa mtu wa kawaida njia iliyo karibu ni bima ya mali safarini, ya safari moja, inayoanzia mlango wa mtumaji mpaka mlango wa mpokeaji. Masonara wanayo ya kwao, inayobeba duka, kasha la chuma, mali iliyo mkononi mwa mjumbe na iliyo posta, yote katika hati moja. Bima za namna hiyo zina asili ya soko la bima la Lloyd's, London, mwishoni mwa karne ya 19, pale Cuthbert Heath alipoanza kuandika bima ya wizi wakati wenzake walizoea meli na moto. Sonara wako akikubali kukutumia kupitia hati yake, hiyo ndiyo bahati nzuri kuliko zote. Muulize, na umwambie akuonyeshe kwa maandishi kwamba mali ya mteja imo.

Mtu wa bima atakuuliza maswali ambayo sisi huyaona ya kero. Nani mwenye mali? Ina uzito gani, karati ngapi? Imethaminiwa lini? Nani atafunga? Jibuni kweli tupu. Mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa, na ukificha jambo kubwa kampuni ina njia ya kujitoa. Na swali la lini imethaminiwa ni zito siku hizi. Mwishoni mwa 2015 aunsi ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 1,100. Anayekata bima leo kwa risiti ya mwaka ule ameikinga robo ya mali yake. Halafu kuna kanuni ya uwiano: ukiikatia mali nusu ya thamani yake, na kipande cha dola 1,000 kikapotea, utalipwa 500. Wengi husikia hilo siku ya kudai, wakadhani wamedhulumiwa.

Najua pia wapo wazee wanaosema bima ni kamari, hawaitaki nyumbani mwao. Siwabishii imani yao. Ninawaambia tu kwamba takaful ipo, watu wachangiane mfuko wa kusaidiana kwa misingi ya dini. Kenya kampuni ya namna hiyo imefanya kazi tangu 2011, na Tanzania nayo imefungua mlango huo. Ulizeni, na waulizeni masheikh wenu.

Kuhusu basi sitasema mengi. Najua bangili ngapi hupanda basi la usiku kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ndani ya mfuko wa karanga, kwa kumwamini kondakta. Makondakta wengi ni waaminifu. Lakini soma nyuma ya ile risiti, na uulize kama ofisi ile ya vifurushi ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Isipokuwa na leseni, siku ya msiba hutajua umwendee nani.

Sasa mzigo ukifika. Hapa ndipo ndugu yangu alipotia saini upesi, na nani angemlaumu, saa saba za jua kali, kijana wa pikipiki ana haraka. Usitie saini kabla hujageuza katoni pande zote sita. Tazama utepe wa gundi. Tazama uzito ulioandikwa kwenye lebo, kisha pima mbele ya aliyeleta. Mizani ya jikoni inatosha, tofauti ya gramu sitini itaionyesha. Pakiwa na dosari, iandike kwenye karatasi ileile unayotia saini. Saini safi inachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mali imefika salama, na kuipindua ni kazi. Mzigo wa ndege ukiwa na dosari, malalamiko ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku 14 tangu kuupokea. Kwa posta, uchunguzi unaombwa ndani ya miezi sita tangu ulipotumwa. Sisi ile ya siku 14 tuliiwahi. Fomu ndiyo iliyotuangusha.

Na forodha? Ndiyo, ukiandika dhahabu utaulizwa, na huenda ukalipa. Mtu aliye na risiti ya zamani, picha, na maelezo kwamba kidani ni cha ukoo kimerudi kutoka matengenezoni, ana la kusema mbele ya afisa. Aliyeandika nguo hana la kusema mbele ya mtu yeyote. Karatasi ileile ya kukwepa kodi ndiyo itakayotolewa dhidi yako siku unadai, na hutaweza kusema kwamba ulidanganya pale na hapa unasema kweli.

Mwezi uliopita mdogo wangu, yule aliyeolewa na kidani cha kuazima, alipata mtoto wa kike, naye yuko Muscat sasa na mumewe. Mama akatoa bangili mbili. Nikazipeleka Darajani kwa sonara yuleyule, akazipima mbele yangu: gramu 38 na nukta mbili, karati 21. Akaandika hati ya thamani kwa bei ya siku ile, akapiga picha, akatia muhuri. Nikaenda kwa dalali wa bima, tukakaa saa nzima, akanionyesha kampuni ipi ya vifurushi hati ya bima inaikubali, na boksi liwe ndani ya boksi, na nje pasiandikwe jina la duka.

Kaunta nikapewa fomu. Palipouliza kilichomo nikaandika: bangili mbili za dhahabu, karati 21, gramu 38.2. Palipouliza thamani nikaandika thamani. Dada wa kaunta akaisoma, akainua macho, akaniuliza taratibu, "Dada, una hakika unataka kuandika hivi?"

Nikamwambia ndiyo. Akaliweka boksi kwenye mizani, akaisoma namba, akaiandika. Nikamwomba aisome tena kwa sauti. Gramu 296. Nikaitumia namba hiyo Muscat kabla sijatoka mlangoni, na siku ya nne mdogo wangu akanitumia picha: boksi halijafunguliwa, liko juu ya mizani yake ya jikoni, kijana aliyelileta amesimama pembeni anasubiri, na mizani inasoma 296.